Nimeanza kuchomwa sindano za ndevu, sasa kidevu kimejaa madoa meusi

SWALI

Dada habari za kazi, naomba usitaje jina langu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi Temeke. Tatizo langu ni ndevu. Sio vile vinyweleo laini ambavyo kila mtu anavyo, ni ndevu kabisa, ngumu, nyeusi, kidevuni na chini ya taya mpaka shingoni, zilianza nikiwa sekondari na kila mwaka zinaongezeka. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, naingia bafuni nafungulia bomba ili mume wangu asisikie wembe, nanyoa, napaka poda natoka. Nimeishi hivyo tangu tuoane.

Mwanzoni mwa mwaka mwenzangu kazini akaniambia kuna kitu kinaitwa elektrolisisi, wanaingiza kisindano kwenye kila kinyweleo alafu wanapitisha umeme, ile nywele haioti tena. Nikatafuta nikapata sehemu, nikaanza. Dada inauma, haswa juu ya mdomo, machozi yanatoka yenyewe, na hela ninayolipa kwa nusu saa ni hela ya mboga ya wiki nzima nyumbani kwangu. Nikavumilia kwasababu niliambiwa ni ya kudumu.

Sasa shida imekuja huku. Kila nikitoka pale kidevu kinavimba, baada ya siku moja mbili vinatokea vigaga vidogo vidogo, mi navibandua usiku maana kazini niko kaunta naongea na wateja ana kwa ana, siwezi kwenda vile. Vikitoka panabaki kidoa cheusi. Sa hivi madoa yamejaa, ukiniangalia kwa mbali utadhani bado nina ndevu. Mama mkubwa akasema nipake ndimu na nisugue na singo, nikafanya, ukawaka moto uso wote. Shoga yangu mwingine akanipeleka duka fulani Kariakoo nikauziwa krimu ya kuchanganya, kopo jeupe halina maandishi, mwanzoni iling'arisha kweli lakini naona ngozi imekuwa nyepesi, jua likinipiga inawasha, alafu kuna vinyweleo vimeanza mashavuni ambako sikuwa navyo kabisa.

Na kutoka sindano hii mpaka nyingine siwezi kukaa na ndevu, kwahiyo nazing'oa na kibanio, kwasababu nilisikia wembe unazifanya ziwe nene. Yule dada anayenichoma nikimuuliza kuhusu madoa anasema ngozi yako ndo ilivyo, vumilia. Na sijawahi kumuona akifungua pakiti ya sindano, kila nikiingia nakuta mashine imeshaandaliwa.

Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, sisi dada zake wote tutasingwa na kupambwa, mpambaji anakuja nyumbani na ile taa yake kubwa. Nawaza hata nisingizie naumwa. Niendelee au niache? Nipake nini? Kuna wanaoniambia nihamie leza. Na mume wangu nimwambie au nikae kimya? Nilitaka kusahau, hedhi yangu inaweza kupita miezi miwili mitatu haijaja, ila hiyo nshaizoea.

Aliyechoka na wembe, Temeke

JIBU

Mdogo wangu, elektrolisisi usiiache, ila kwa huyo dada usirudi. Hivyo ni vitu viwili tofauti na naomba tuvitenganishe mapema, kwasababu wanawake wengi wakiona madoa wanakimbia njia yenyewe, wanarudi kwenye wembe na hela imeshaenda.

Njia yenyewe ni ya zamani na inafanya kazi. Mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis huko Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyoua kope zinazoota kuelekea ndani ya jicho kwa kutumia waya mwembamba wenye umeme, na kilichofuata mpaka leo ni kuboresha wazo hilohilo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaitambua elektrolisisi peke yake kuwa inaondoa nywele kwa kudumu, leza wanaiita njia ya kupunguza. Sindano inateleza kwenye kile kitundu ambacho nywele imetokea, kisha mzizi unauliwa ama kwa joto, ama kwa umeme ambao ukikutana na chumvi na maji ya mwilini unatengeneza kostiki kidogo mno humo ndani, ndiyo, kostiki ileile ya kutengenezea sabuni za miche, ama kwa vyote viwili pamoja, hiyo wanaiita blendi. Nywele zetu za kipilipili mzizi wake umejipinda chini ya ngozi, sindano imenyooka, kwahiyo wataalamu wengi kwa nywele za hivi wanapenda blendi au ile ya kostiki kwasababu kimiminika kinaifuata kona ambako sindano haifiki. Muulize mtu kabla hujalala kwenye kitanda chake anatumia ipi na kwanini. Asipoweza kukueleza, nyanyuka uondoke.

Na hilo la sindano ndo limenikosesha raha kuliko madoa. Sindano ya elektrolisisi ni ya mtu mmoja kwa siku moja, inafunguliwa kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, akimaliza inaenda kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Glavu mpya, ngozi imesafishwa kabla. Sindano ikiingia kwako ikitoka kwa mtu mwingine tunaongelea homa ya ini B na C na HIV, hapo hatuongelei urembo tena. Kwakuwa hujui hali ya hizo ulizochomwa, nenda kapime hivyo vitu, vituo vingi wanapima, na kama hujachanjwa homa ya ini B uliza chanjo hapohapo. Sikutishi, ni kwa ajili ya kulala usingizi.

Alama nyingine ya mtu anayejua kazi utaisikia mwenyewe. Nywele ikishauliwa vizuri inachomoka bila kuvutwa, inateleza tu. Ukiwa unasikia kila moja inang'olewa, tak, tak, basi amekuchoma umeme alafu amekunyonyoa, na hiyo itarudi. Pia mtu makini hamalizi eneo zima kwa kufuatanisha, anaruka, anachukua moja hapa nyingine pale, ili joto lisikusanyike sehemu moja ya ngozi. Ukitoka na kidevu kizima kimevimba kila safari na vigaga vimeungana, ama umeme ulikuwa mkubwa mno ama sindano ilikaa juujuu ikachoma ngozi badala ya mzizi. Kwahiyo hapana, sio kwamba ngozi yako ndo ilivyo. Ngozi nyeusi inaweka alama upesi ikiumizwa, hiyo ni kweli, lakini ndo sababu ya yeye kupunguza umeme na kwenda taratibu.

Sasa nyumbani, maana na wewe kuna vitu vya kuacha leo leo.

Kibanio kiweke mbali. Unapong'oa unaiondoa ile nywele ambayo sindano ilitakiwa iifuate mpaka kwenye mzizi, mzizi unabaki salama unasuka nyingine, kwahiyo unamlipa mtu akatafute kitu ambacho umeshakiondoa. Na kung'oa kunapindisha njia ya nywele, inaota imejikunja chini ya ngozi, kinatokea kipele, ukikitumbua doa. Uzi na waksi ni hivyohivyo. Wembe hauzifanyi nene, mdogo wangu, hilo sio kweli, unakata tu ncha ikabaki butu ndo maana inakwaruza ukigusa. Nyoa, au kata na mkasi mdogo ambao ni mpole zaidi kwa ngozi yako sa hivi. Nyoa siku tatu hivi kabla ya miadi alafu uache. Zitakazokuwa zimechomoza siku hiyo ndo zile zinazoota kwa nguvu, zimeshikana na mzizi, na hizo ndo zinakufa vizuri. Zilizolala huwezi kuziua leo, unasubiri ziamke, ndo maana kazi hii ni ndefu, kwa kidevu cha ndevu za homoni watu wanaenda mwaka mmoja mpaka miwili, mwanzoni karibu kila wiki, baadae zinaachana. Mtu akikuahidi miezi miwili anakudanganya.

Vigaga. Hivi vya kichwa cha pini vinavyotokea siku ya pili au ya tatu ni vya kawaida kabisa, ni ngozi inajifunika. Vinadondoka vyenyewe ndani ya wiki moja hivi. Ukikibandua kabla hakijawa tayari unafungua kidonda upya, na ngozi nyeusi kidonda kikifunguliwa mara mbili inamwaga rangi mara mbili. Madoa yako mengi naamini yametoka hapo, kwenye kucha za usiku. Panga miadi siku ambayo kesho yake huendi kaunta, na kama huwezi, vaa barakoa kazini, safi, ya kitambaa laini.

Siku ya sindano yenyewe ukimaliza weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, dakika chache, toa, rudia. Barafu usiigandishe moja kwa moja kwenye ngozi. Baadae paka jeli ya mshubiri, ile ya dukani isiyo na manukato, tabaka jembamba. Ule utomvu wa njano unaotoka ukikata jani usiupake, huo unawasha watu wengi. Usishike uso, na hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako, mkono umetoka kushika bomba la daladala na noti za wateja alafu unaupeleka kidevuni kwenye vitundu vilivyo wazi, kesho yake vipele vyenye usaha unashangaa vimetoka wapi. Siku mbili za kwanza usipake poda wala fandesheni, usifanye mazoezi ya kutoa jasho, usiogelee, baharini wala bwawani, na usiinamie sufuria kwenye jiko la mkaa, mvuke na joto vinaongeza uvimbe, mwombe mtu akusongee ugali siku hiyo. Osha uso na maji ya kawaida na sabuni laini, kausha kwa kubonyeza taulo safi bila kusugua. Foronya badilisha usiku ule.

Kama unavaa ushungi angalia hapa chini ya kidevu, watu wanapasahau. Kitambaa kinasugua palepale kila ukigeuza shingo, na kikiwa cha poliyesta na jasho la Dar es Salaam ndo kabisa. Chukua cha pamba, kilichofuliwa, legeza, na pini ihamishie pembeni juu ya sikio.

Ndimu acha. Ile ni asidi na ukitoka nayo juani inaweza kukuachia madoa mapya yenyewe kama yenyewe. Spiriti pia, kuna watakaokushauri. Singo ni kitu kizuri na nakipenda, lakini singo ni kusugua, na kidevu chenye vigaga hakisuguliwi na chochote, hata liwa.

Lile kopo jeupe. Krimu za kuchanganya mara nyingi zina steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, tena kali kama klobetasoli au betamethasoni, nyingine haidrokwinoni ya kuchubua, nyingine hata zebaki ambayo inaenda mpaka kwenye figo. Steroidi ndo inafanya ngozi iwe nyepesi na iwashwe na jua vile ulivyoeleza, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu inaotesha vinyweleo. Hivyo vya mashavuni sishangai vimetoka humo. Unalipa kuua ndevu huku unapaka kitu kinachoziotesha. Beba hilo kopo nenda nalo kwa daktari wa ngozi, usiliache nyumbani, aone ngozi yenyewe na akuelekeze jinsi ya kuacha, maana kama umelitumia muda ngozi inaweza kulipuka ukikata ghafla. Muhimbili wapo, na mikoani kuna wataalamu wa ngozi waliosomea kile chuo cha pale hospitali ya KCMC Moshi, kipo tangu 1992, kwahiyo hata msomaji wa Singida au Mtwara aulize hospitali ya mkoa kwanza kabla ya kwenda dukani.

Madoa yatapungua, ila yanataka miezi. Kitu cha kwanza ni sanskrini SPF 30 au zaidi kila asubuhi, ukipata yenye rangi ya ngozi yako ni bora zaidi kwasababu ile rangi inazuia mwanga wa kawaida ambao nao unatia weusi kwenye ngozi zetu. Anza nayo vigaga vikishadondoka, kabla ya hapo kivuli, mwavuli, upande wa daladala usio na jua. Ngozi ikishafunga muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki au niasinamaidi, ni za pole pole na zinafaa ngozi nyeusi. Na mwambie kama ukoo wenu wana makovu yanayovimba, yale ya keloidi, sikioni au kifuani, hilo linatakiwa lijulikane kabla hujachomwa tena. Wanaovaa betri ya moyo hii kitu sio yao, na ukipata ujauzito sema, umeme wa kostiki na blendi wengi wanausimamisha.

Leza sikukatazi kabisa. Leza inatafuta rangi nyeusi ya nywele na kuichoma, sasa na ngozi yako nayo ina rangi, ndo maana ngozi zetu zinahitaji mashine ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, mashine nyingine zinaweza kuunguza. Kwa ndevu za homoni usoni kuna wanawake ambao leza iliwaongezea vinyweleo badala ya kupunguza. Sindano haijali rangi, hata mvi inaua. Kwa sasa ngozi yako imechoka, usiipe chochote, si leza wala sindano, mpaka daktari aseme imepona.

Alafu hili uliloliita la kusahau. Hedhi kupita miezi miwili mitatu pamoja na ndevu tangu sekondari, mdogo wangu, usilizoee. Inawezekana sana ni PCOS, lile tatizo la homoni ambalo ovari haziachii mayai kwa mpangilio na homoni za kiume zinapanda. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake 6 mpaka 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wanalo, na mpaka asilimia 70 ya wenye nalo hawajajua. Kuwa na mtoto hakukutoi kwenye orodha. Daktari wa wanawake atakupima testosteroni, tezi ya shingo, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa, sukari, pengine na ultrasaundi. Kuna dawa, kuna vidonge vya majira, kuna spironolaktoni ambayo haitumiki kwa anayetafuta mimba, kuna metformin, ni yeye wa kuchagua na zinahitaji kama miezi sita ndo uone ndevu zimebadilika. Bila kushika homoni sindano inaua nywele hizi na mwili unaamsha nyingine, hutamaliza. Na hedhi isiyokuja ukuta wa kizazi unajijenga bila kumwagika, hilo nalo sio la kuachia. Ikitokea ndevu zimeongezeka ghafla ndani ya muda mfupi na sauti ikawa nzito, usisubiri miadi, nenda.

Mumeo mwambie, na sababu yangu ni ya kazi hasa. Utahitaji siku tatu za kuacha ndevu zichomoze kabla ya kila miadi, na siku kadhaa za vigaga baada yake, kwa mwaka mzima au zaidi, na pengine dawa zinazohusu uzazi wenu. Huwezi kuficha hayo kwa kufungulia bomba. Mwambie mkiwa mmekaa, mwonyeshe, mwambie ni homoni na inatibika. Hukufanya kosa lolote kuota ndevu.

Harusi nenda. Sindano hakuna mpaka ipite. Kibanio, ndimu, kucha, vyote umeviacha kuanzia leo, na kopo unaliacha kama daktari atakavyokuelekeza, kwahiyo mpaka siku yenyewe vigaga vitakuwa vimekwisha hata kama madoa yapo. Anayewasinga mwambie mapema akusinge mikono, mgongo na miguu, uso aupake maji ya waridi tu kama hayajawahi kukuwasha. Nyoa asubuhi yake kwa wembe mpya na povu, kufuata nywele zinakoelekea, bila kuvuta ngozi. Mpambaji mpigie simu kabla hajaja, mwambie una madoa kidevuni yanahitaji konsila ya rangi ya chungwa iliyokolea chini ya fandesheni, abonyeze kwa sponji safi asisugue, na aje na sponji mpya kwa ajili yako. Wamezoea kuliko unavyofikiri. Usiku toa vyote kabla ya kulala, hata kama mmerudi saa tisa.